Kasuku wa Kumi kwa Kumi

Kwa Mwalimu wa Kiingereza, Darasa la Sita,

Yah: Mimi kufanywa ndege

Mwalimu, salamu nyingi. Natumaini koo limepoa, maana mwenzako wa hesabu alipokuja kupunguza suruali alinidokeza kuwa umekohoa wiki nzima. Mimi ndiye fundi cherehani wa mkabala na duka la dawa, baba wa yule binti anayekaa mstari wa mbele. Naandika kwa heshima zote na uchungu kidogo.

1. Uliwapa watoto kazi ya nyumbani: watunge sentensi mbili za Kiingereza kwa kutumia neno kasuku. Ya kwanza imtaje ndege mwenyewe, ya pili imtaje mtu mwenye tabia zake. Kazi yenyewe sina ugomvi nayo. Lakini ndege wamejaa angani, Mwalimu. Ungetoa tausi, binti angemwandika shangazi yake, na shangazi angefurahi mwezi mzima. Ungetoa mwewe, yupo mwenye nyumba wangu.

2. Sentensi ya kwanza, kwamba kasuku ana manyoya ya kijani na mdomo uliopinda, binti aliimaliza upesi. Ya pili aliitafuta akiwa amekaa kwenye kigoda dukani, akiniangalia nikimpima mteja na kupiga soga. Ningejua, ningeng'ata ulimi. Ukampa kumi kwa kumi, na kwa wino mwekundu ukaandika kwamba mfano huu umetoka kwenye maisha halisi. Nauliza tu: nani alikwambia?

3. Halafu ukaibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo, pale getini wazazi wanaposubiri watoto. Niseme ukweli, Kiingereza changu kinaishia kwenye namba za tepu. Niliona jina la binti, nikaona kumi, nikalitambua na neno la baba. Kifua kikanivimba. Nikamwomba mlinzi wa geti anisomee sentensi ya pili polepole, mara nne, mpaka nikaishika yote kichwani. Alikuwa akijikohoza kila mara; nikadhani ni vumbi. Siku tatu nzima, kila mteja aliyeingia nilimkariria, neno kwa neno, mikono kiunoni. Wakacheka, nami nikacheka nao. Siku ya nne mkunga mstaafu alikuja kuchukua gauni lake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Fundi, mwanangu, unajua unachosema? Unasema, baba yangu ni kasuku. Ukimpa siri akikupima kiuno, kabla hajafika mabegani mtaa mzima umeshaijua."

Nikakaa chini, juu ya mkasi.

4. Tangu hapo duka langu limekuwa kama chumba cha mtihani. Zamani mteja akisimama mbele ya kioo alilegea, akazungumza, na tumbo likakaa mahali pake. Siku hizi wanafunga mdomo na kubana pumzi, nami napima matumbo yaliyofichwa. Sare kumi na mbili za kwaya zimerudi Jumatatu. Walizivaa vizuri tu, wakafungua vinywa kuimba, na mishono ikaachia kwenye ubeti wa kwanza. Mwenyekiti wa kwaya amenipa hadi Jumamosi, la sivyo wanahamia kwa yule wa ng'ambo ya barabara, ambaye tundu la kifungo linamtoa jasho. Miaka ishirini nimewashonea watu hawa, Mwalimu.

5. Tuhuma yenyewe naikanusha. Tangu mwaka uanze sijamwambia mtu yeyote kwamba mwalimu mkuu anavaa mkanda wa kubana tumbo, wala kwamba mwenyekiti wa kwaya anaongezewa sponji mabegani, wala kwamba suti ya mlinzi wa geti ni ya kwenda kuposa. Wewe ndiye wa kwanza, na wewe ni mwalimu, hutahesabika.

Kwa hiyo naomba uibandue karatasi hiyo kabla ya Jumamosi, na uwape watoto ndege mwingine asiye na maneno mengi, mbuni kwa mfano, ili binti apate nafasi ya kunisafisha. Maksi zake usiziguse.

Wasalimie walimu wote na mpishi wa shule. Yule wa hesabu mwambie suruali iko tayari. Kwa nini anaitaka kabla ya Ijumaa najua, lakini kinywa changu kimeshonwa.

Wako mtiifu na mkimya,
Fundi, baba wa binti

N.B. Nimempa binti barua hii anirekebishie makosa. Hakurekebisha kitu. Amehesabu siri za watu kwa vidole mpaka mkono mmoja ukajaa, akamkimbilia mama yake akicheka. Nilitaka kuichana, ila bahasha nimeshaiandika jina lako. Basi karatasi iache hapo hapo. Kwaya nitawapima upya wakiwa wanaimba. Hapo hakuna wa kubana pumzi wala wa kunipa siri. Ila nimepita getini leo, pini ya juu imedondoka na upepo unaikunja karatasi, watu hawaioni ile kumi. Humu ndani nimekuwekea pini zangu mbili, zile ndefu.