Jina la Leso ya Toral

Jumatatu, 4 Mei

Kavumbi tena! Duka lake linatazamana na langu, na leo lilijaa wanawake mpaka kizingitini. Wote wanaitaka leso yake mpya, kanga iliyochapwa jina KUNISEMA KWENU KWANINENEPESHA. Leso zangu ni bora, rangi haichujuki, ila majina yaliyochapwa juu yake yamezubaa. Basi nitatunga jina mwenyewe! Jumamosi ya wiki ijayo ni kumbukumbu ya ndoa yetu. Leso ya kwanza ya mke wangu Toral, zilizobaki za kumnyamazisha Kavumbi. Nayan, una akili wewe!

Jumanne, 5 Mei

Mwalimu Nelly, anayefundisha Kiswahili sekondari, alikuja kumnunulia leso mamake aliyeko Marafa. Nikamkamata. Akanieleza kwa upole kwamba kitenzi kikitiwa ku- hugeuka jina, yaani nomino. Unaweza kukimiliki kama kikombe: kupika kwako, kupenda kwangu. Lakini hakisahau kilikotoka, bado humbeba mtendwa tumboni: kunipenda, kukupenda. Kwa hiyo niangalie sana nani anapenda na nani anapendwa. Akaniandikia: KUNIPENDA KWAKO KUMENITOSHA. Yaani Toral akinipenda, sihitaji kingine.

Nzuri. Ila mbona kazi yote afanye Toral, mimi nipendwe tu kama paka? Alipotoka nikarekebisha kidogo: KUKUPENDA KWANGU KUMENITOSHA. Imeshakwenda kwa wachapaji Mombasa.

Jumamosi, 16 Mei

Robota la leso limefika! Asubuhi nilimtandikia Toral leso mapajani, nikangoja machozi ya furaha. Akasoma. Akasoma tena. Akaniuliza tangu lini. Nikamjibu kwa fahari: tangu mwaka wa kwanza wa ndoa! Akaikunja vizuri sana, akaingia chumbani.

Dukani, akina mama wa mtaa wa Shela walicheka hadi wakashikilia kaunta. Mmoja alinunua, akasema mumewe ataikuta kitandani. Wameguswa, nikajiambia.

Mchana nyumbani, Toral hayupo. Amekwenda Mtwapa kwa dada yake Yesha. Na leso ameichukua.

Jumapili, 17 Mei

Simu hashiki. Nimemvizia Mwalimu Nelly nje ya kanisa. Aliposoma leso akafunika uso.

"Anayependa hapa ni wewe, Bwana Nayan," akasema. "Na huko kupenda kumekutosha. Umeshiba, umechoka. Umemwacha mkeo kwa maandishi, tena kwa rangi isiyochujuka."

Mungu wangu! Na ule mwaka wa kwanza!

Nimejipikia chai. Sijui Toral huitia nini, lakini hii yangu si chai.

Jumatatu, 18 Mei

Mtwapa. Toral alifungua mlango, akasimama, hakunikaribisha. Nyumbani tunasema Kigujarati, lakini nilikuwa nimekosea kwa Kiswahili, nikaona nitubu kwa Kiswahili. Maneno niliyakariri njia nzima.

"Kuondoka kwako kunaniua."

"Kuondoka kwa nani?"

"Kwako."

"Na anayekufa?"

"Mimi! Mimi, Toral!"

Akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Akaniambia alielewa tangu asubuhi ile nilichotaka kusema. Makosa yangu anayajua kama anavyokijua kikohozi changu. Ila lile jibu la mwaka wa kwanza lilimchoma kidogo, akataka kuona kama nitamfuata. Yesha alileta chai. Nililia ndani ya kikombe, nao wakajifanya kutazama dirishani.

Jumatano, 20 Mei

Toral amerudi, nyumba inanukia. Na leso zimekwisha zote! Wanawake wanazitaka mpaka Magarini, kuwatisha waume zao. Kavumbi amevuka barabara kwa miguu yake kuniuliza siri. Nikamwambia sarufi inataka utulivu, si kila mtu anaiweza.

Sasa nimeingia kwenye -ki-. Nimesoma kurasa mbili za kitabu cha shule, zimetosha. Ukiipachika kwenye kitenzi, jambo moja hutokea pamoja na jingine. Rahisi! Mwalimu Nelly ana wanafunzi wengi, sitamsumbua. Nimemfikiria Toral akitokea pale mlangoni, nami nikimwendea mbio kwa mapenzi, maneno yakaja yenyewe: NIKIKUONA NAKIMBIA.

Imekwenda Mombasa mchana huu. Safari hii nimeagiza maradufu.