Kanuni ya Nne na Profesa Mwenye Wasiwasi

Kwa furaha na fahari kubwa, mimi, Ruurd Terpstra, Mwenyekiti wa Kamati ya Utulivu wa Wanawake Chuoni, nautangazia umma kwamba ukatili dhidi ya wanafunzi wa kike katika chuo chetu ulikomeshwa rasmi mwezi Machi, siku ya Jumanne, saa tano kasorobo, muda mfupi kabla ya kahawa.

Kamati ina wanaume saba, pamoja na Anneloes, ambaye huandika kumbukumbu. Tulikaa vikao kumi na kimoja, maana sisi Waholanzi hatuamui jambo mpaka kila mtu awe amechoka sawasawa na mwenzake. Tukagundua kwamba ukatili huhitaji watu wawili: anayetenda na anayetendewa. Ukimwondoa mmoja, umemaliza kazi. Sasa, anayetenda huwa ana mkataba, wakili na kiti cha ngozi. Anayetendewa ana begi na baiskeli. Hata mtoto wa chekechea angejua yupi ni mwepesi kuhamisha.

Ndipo ikazaliwa Kanuni ya Nne: yeyote atakayetamka kwamba ana wasiwasi na mtu mwingine ataondolewa chuoni mara moja, kwa usalama wake, hadi wasiwasi umwishe. Matokeo yalitia moyo. Wanafunzi kumi na wanne wakawa salama kabisa. Mmoja alikuwa salama kwenye kibanda cha kuuza samaki. Mwingine, aliyebakiza mtihani mmoja tu awe daktari, alikuwa salama kwa mama yake, anakunja nguo.

Kisha akaja Jorinde Hoitsma. Alikuwa ametumia miaka minne kuandika tasnifu juu ya nyufa za kingo zinazozuia bahari, na angeitetea wiki iliyofuata. Msimamizi wake, Profesa Diederik van Wessem, alikuwa amemfungia mlango ofisini na kumshika kwa nguvu mpaka mkono ukavilia damu. Jorinde akaniletea mkono huo niuone.

"Nikilalamika, itakuwaje?"

"Tutakuondoa upesi sana, binti yangu. Hapo tuko vizuri."

"Na tasnifu yangu?"

"Hiyo itabaki. Yenyewe haina wasiwasi."

Alinitazama kama mtu anayetazama maziwa yaliyoharibika. "Basi silalamiki. Sina wasiwasi hata chembe."

Nikampongeza kwa ukomavu wake.

Tangu siku ile, kila Van Wessem alipokaa mkahawani na kroketi yake, kile kitafunwa cha nyama cha kukaanga, Jorinde alikaa meza ya mbele yake, akakunja mkono wa shati hadi kiwikoni, alama ikaonekana, akala mkate wake wa jibini. Siku ya pili wanafunzi wakawa wanne. Siku ya tatu wakawa ishirini, wote wamekunja mikono ya mashati. Profesa akaanza kujimwagia supu. Jumatano akatuandikia barua: ana wasiwasi mkubwa na Jorinde.

Milango yetu inalindwa na Bi Tjitske, mama mwenye fimbo ya fedha yenye njuga. Yeye ndiye huingia kwenye utetezi wa tasnifu dakika ya arobaini na tano barabara, akaigonga sakafuni na kutangaza kuwa saa imewadia. Baada ya hapo huruhusiwi kumalizia hata neno. Nimeshaona maprofesa wakibaki midomo wazi.

Alhamisi, siku ya utetezi wa Jorinde, alimkuta Van Wessem mlangoni, kavaa joho.

"Kadi yako haifungui, Profesa. Usalama wako kwanza."

"Acha masihara, mama! Mimi ni msimamizi wake!"

"Imeandikwa yeyote. Nenda ukapumzike, baba. Wasiwasi ukikuisha utatuambia."

"Umeisha!"

"Wale kumi na wanne walisema hivyo hivyo. Kamati ikataka cheti cha daktari."

Ukumbini, Jorinde alikuwa anajibu maswali bila hata kutazama karatasi. Niliona chuo kinazama. Dakika ya arobaini na nne nikasimama.

"Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, kwa niaba ya wenzangu wote sita, natamka kwamba tuna wasiwasi na binti huyu, hivyo naomba utetezi huu usi..."

Fimbo ikagonga. "Saa imewadia!"

Nikafunga mdomo. Mila ni mila. Anneloes alikuwa ameshaandika hadi pale nilipokomea. "Wako saba," akamwambia Bi Tjitske, akituhesabu kwa kalamu. "Wote wametamka."

Jorinde alipewa shahada yake ya uzamivu. Vifijo tulivisikia tukiwa nje, kwenye mvua. Anneloes, mjumbe pekee aliyebaki, akajipigia kura ya uenyekiti, akaifuta Kanuni ya Nne, akamsimamisha kazi Van Wessem, akaagiza sisi saba tuchunguzwe tukiwa huko huko nje, kisha akawapigia simu wale kumi na wanne. Kikao kilichukua dakika sita, bila kahawa. Nalipinga jambo hilo vikali.

Taarifa hii naiandikia kwenye banda la baiskeli. Asubuhi hii aliingia mwanamke mmoja kwa kasi, koti limelowa na bado linanuka samaki, kikapu cha baiskeli kimejaa vitabu.

"Samahani, mzee, nipishe. Nachelewa darasani."

Nikampisha.