Siku Niliyompigia Kura Mpinzani wa Mkwe Wangu

Wenzangu wa Musoma, leo nimepatikana. Si kidogo.

Nawaandikia jua likiwa bado juu, ili barua hii ilitangulie lori la pamba. Lori linaondoka kesho alfajiri na habari yangu imo ndani. (Dereva alikuwepo tukihesabu kura. Alikaa mbele kabisa.) Afadhali muisikie kutoka kwangu mimi mwenyewe, mwenye aibu.

Mnajua mimi ni katibu wa chama cha Kiti hapa Kerende. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alitupa alama hiyo, kiti, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Wapinzani wetu wakapewa chungu. Tangu siku hiyo sisi ni watu wa Kiti na wao ni watu wa Chungu, na majina ya vyama yenyewe hakuna anayeyakumbuka.

Mgombea wetu wa baraza la wilaya alikuwa Mzee Wambura. Kama mmesahau, Mzee Wambura ndiye aliyemzaa Robi, mke wangu. Yaani mgombea wetu ni mkwe wangu.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kwetu mtu hali mbele ya mkwe wake. Hatafuni, hamezi, hata mate anayameza kwa kujificha. Basi hebu fikirieni miezi mitatu ya kampeni! Kila asubuhi, kabla sijagusa uji, fimbo inagonga mlangoni. "Mkwe, twende tukaseme na watu." Tunatoka. Kewanja kwa miguu, kurudi kwa miguu. Kila boma tunakaribishwa ugali wa moto na maziwa mgando, na mimi nasema, "Ahsanteni, nimeshiba." Neno hilo nimelisema mara nyingi kuliko nilivyosema "chagueni Kiti." Usiku nikirudi nimechoka hata kijiko hakiinuki. Mkanda wangu nimeutoboa matundu mapya matatu kwa msumari.

Na watu wa Chungu je? Wanakula! Mgombea wao, Bwana Nyamhanga, ana rafiki anayeitwa Mzee Magabe, mwenye mbuzi wengi kuliko nywele zake. (Ana kipara, lakini mbuzi ni wengi kweli.) Kila mkutano wa Chungu, mbuzi mmoja. Upepo ukivuma kutoka kwao unatuletea mchuzi katikati ya hotuba yetu. Siku moja nilipoteza ukurasa mzima wa hotuba kwa sababu ya harufu ya figo.

Nisiwe mwongo, njaa haikuwa sababu peke yake. Nyamhanga alisema akichaguliwa ataiomba serikali daraja pale kijitoni, mahali watoto wanapokwama kila masika wasifike shuleni. Mkwe wangu akamjibu kwamba madaraja yanaifanya miguu ya vijana iwe mivivu. Jibu hilo niliandika mimi. Niliona haya hata wakati wa kuliandika.

Basi nikaamua. Nitakuwa Kiti mchana kutwa, lakini nikiwa peke yangu na karatasi nitakuwa Chungu. Nani atajua? Kura ni siri.

Nguo yangu nzuri nilivaa leo asubuhi, lile koti la kahawia. Katika mfuko wa kulia nilitia muhuri wa chama na pedi ya wino, maana wiki hii yote nagonga kadi za wanachama, natia sahihi, nagonga, natia sahihi, nagonga. Mkono umezoea. Nikiona karatasi sasa hauniulizi.

Tukapiga kura katika darasa la shule ya misheni. Waliotimiza masharti ya serikali ya kupiga kura hapa kwetu ni watu ishirini na mmoja tu. Kumi na mmoja wetu, kumi wao. Kila mtu alijua nani ni nani, kwa hiyo kila mtu alijua Kiti kimeshinda kwa kura moja. Watu walikuja kuangalia tu, kama mtu anavyokwenda kuangalia mvua aliyokwisha kuiona mlimani inakuja.

Karani wa serikali alitoka Tarime kwa baiskeli. Kijana mkavu, miwani, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Akalifunga debe la kura kwa nta, akatundika blanketi kwenye pembe ya darasa.

"Ukiingia humo," akasema, "weka alama ya mkasi kwenye picha unayoitaka. Kunja. Toka. Tumbukiza. Asitokee mtu akaandika jina lake. Mmenisikia?"

"Tumesikia!" tukaitika. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko zote.

Mkwe aliingia wa kwanza. Alikaa humo muda mrefu. Akatoka amekunja uso. Zamu yangu ikafika, nikaingia nyuma ya blanketi.

Wenzangu, moyo ulinidunda kama ngoma ya tohara. Nikaiangalia picha ya kiti. Nikaiangalia picha ya chungu. Nikamwomba Mungu msamaha, kisha Robi, nikaweka mkasi juu ya chungu. Mkasi mzuri, umenyooka. Nikaimalizia karatasi kama ninavyomaliza karatasi zote, nikakunja, nikatoka, nikatumbukiza. Nikapumua.

Nje jirani yangu akanipa mkono. Akaugeuza mkono wangu.

"We mura, kijana wee, mbona vidole vyako ni vya zambarau?"

Nikatazama. Wino wa muhuri!

Nikasimama pale pale. Nilijaribu kukumbuka. Penseli... mkasi... halafu? Halafu mkono ulikwenda mfukoni. (Mkono huu! Laiti ungekuwa wa mtu mwingine.) Nikakumbuka ule mlio mdogo, "ti!", wa muhuri kwenye meza. Nilikuwa nimeusikia. Nilidhani ni mjusi.

Nikarudi ndani mbio.

"Bwana karani, naomba karatasi yangu mara moja."

"Ya nini?"

"Nimesahau kitu ndani yake."

"Kitu gani?"

Sasa ningemwambia nini? Nikasema, "Akili." Watu wakacheka. Karani hakucheka. Akaniambia nikikaribia debe tena atanitoa kwa mkono wa sheria. Nikaenda kukaa dawati la nyuma, lile la watoto wadogo, magoti yakiwa mashavuni.

Kuhesabu kukaanza. Karani anafungua karatasi, anaionyesha pande zote mbili, mwalimu anachora mstari ubaoni. Kiti. Chungu. Chungu. Kiti. Kila karatasi iliyofunguliwa bila muhuri nilimshukuru Mungu, kisha nikakumbuka kwamba bado imo. Ikafika Kiti kumi, Chungu kumi. Imebaki karatasi moja.

Mnajua ni ya nani.

Karani akaifungua. Akavua miwani. Akaifuta. Akavaa tena.

"Karatasi hii," akasema polepole, "imewekwa alama kwenye Chungu."

Watu wa Chungu wakaruka! Vigelegele!

"Ngojeni. Imetiwa sahihi pia. Inasomeka vizuri sana. Matiko." Akaigeuza kidogo kwenye mwanga. "Na imegongwa muhuri. Chama cha Kiti, Tawi la Kerende. Katibu."

Jamani.

Darasa zima liligeuka. Hata mbuzi aliyefungwa nje alichungulia dirishani. (Naapa.) Nilitamani dawati linimeze, lakini lilikwisha kunimeza magoti, likashiba.

Nyamhanga ndiye aliyesema kwanza. "Kura hii ni halali! Nyingine zote hazina hata sahihi, hii ina muhuri! Ndiyo kura ya kweli kuliko zote wilaya nzima!"

Watu wangu wa Kiti nao wakasimama. "Si halali! Muhuri huo ni kitu bure! Hauna maana yoyote!" Miezi mitatu tulikuwa tukiwaambia watu kadi isiyo na muhuri ule si kadi.

"Sheria inasema yenye jina imeharibika," karani akakata. "Basi. Haihesabiwi."

Ndipo nikaona fimbo inasogea. Mkwe wangu alikuwa amesimama mbele ya dawati langu. Nikainamisha kichwa.

"Mkwe."

"Naam, tata, baba yangu."

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu, tata."

"Nimekukosea nini?"

Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Daraja. Watoto wa shule. Maendeleo ya nchi. Yote yalikuwa ya kweli. Nikafungua mdomo, na mbele ya watu wote, mbele ya karani wa serikali na dereva wa lori, nikasikia sauti yangu inasema:

"Tata, nina njaa."

Sikusema tu. Nililia kidogo. (Kidogo! Dereva akisema nililia sana, msimwamini.)

Nikasema yote. Uji nisiougusa, ugali wa Kewanja, matundu ya mkanda. Nilisema nikitazama sakafu. Nilingoja fimbo mgongoni.

Mzee akakaa kwenye dawati la mbele yangu, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Na mimi je," akasema, "nilikuwa nakula wapi?"

Nikainua macho.

"Mimi nitakula mbele ya mkwe wangu? Kila boma na wewe ulikuwepo! Wewe ukisema umeshiba, mimi nitasema nini? Nilikuwa nangoja upate hata homa siku moja ubaki nyumbani, nile. Hukuumwa hata siku moja!" Akapangusa uso kwa kiganja. "Leo niliingia nyuma ya blanketi lile nikajiuliza, nikishinda, je? Miaka mitatu ya baraza hivi hivi? Nikachagua Chungu."

Mgombea wetu! Alikuwa amejinyima kura mwenyewe!

Watu wa Kiti walishika vichwa. Watu wa Chungu walicheka mpaka wengine wakaegemea ukuta. Walikuwa bado wanacheka wakati mwalimu, aliyesimama ubaoni na chaki yake, alipokohoa.

"Samahanini. Kiti walikuwa kumi na mmoja. Wawili wametoka. Wanabaki tisa." Akagonga ubao. "Hapa nina kumi."

Kicheko kikafa upande wa Chungu kama moto uliomwagiwa maji. Wakaanza kutazamana. Mmoja mmoja. Nyamhanga akawapitia wote kwa macho, akafika kwa Mzee Magabe, na Mzee Magabe akawa anachunguza paa la darasa kwa makini sana.

"Magabe?"

"Paa hili linavuja," akasema Mzee Magabe.

"Magabe!"

"Mbuzi wangu wamekwisha!" akalipuka mzee wa watu. "Mkutano, mbuzi! Kikao, mbuzi! Mmekuja kunisalimia tu, mbuzi! Nimebakiwa na mmoja, na jana nimewasikia mkisema tukishinda atachinjwa fahali. Fahali wa nani? Nimepigia Kiti, ndiyo! Hawa watu hawali!"

Karani aliweka kalamu chini. Alisema amesimamia uchaguzi Ikoma na kwingineko lakini hajaona watu kama sisi. Hakuonyesha kwamba ni sifa.

Kura zimefungana, ikabidi iwe bahati. Akashika njiti mbili za kiberiti, moja kaikata, akawaambia wagombea wachague. Nyamhanga akavuta, fupi. Mkwe akabaki na ile ndefu mkononi, anaitazama kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Ameshinda! Hakuna aliyepiga kigelegele. Mwanamke mmoja alianza, akaona nyuso zetu, akaacha katikati.

Mzee akasimama kuhutubu. Kwanza akasema jambo la daraja atalipeleka barazani, kwa sababu kumbe hata nyumbani kwake wanalitaka. (Nilishangilia. Peke yangu.) Pili, akasema katibu wake atakuwa yule yule.

Kelele! "Msaliti huyu?"

"Mtu anayetia sahihi hata kwenye usaliti wake," mkwe akajibu, "atanificha nini?"

Wakacheka. Hata mimi.

Chungu cha nyama kilikuwa kimeshaiva nje, mbuzi wa mwisho kasoro mmoja wa Mzee Magabe. Mkwe akanong'ona na wazee wawili, wakatikisa vichwa, wakanong'ona tena, wakakubali. Uamuzi: njiani tutakula tukiwa tumepeana migongo, kila mtu na sahani yake. Mimi nielekee Ikoma, yeye aelekee Sirari. Na tukaanza leo. Wenzangu, nilikula! Nilisikia mkwe wangu anatafuna nyuma yangu, naye bila shaka alinisikia mimi, na tulijifanya kila mmoja ni upepo.

Kamati ya Kiti nayo haikuniacha hivi hivi. Wameamua nipewe barua kali ya onyo. Shida ni kwamba mwandishi wa barua za kamati ni mimi. Basi wakasimama kunizunguka wakisema, mimi naandika. Walitaka "mjinga." Nikawashauri kwamba kwa barua ya ofisi "mzembe" ni bora zaidi. Wakafikiri sana, wakasema niandike yote mawili.

Robi alikuwa amesikia kila kitu kabla sijafika nyumbani. Hajaniambia neno. Ila kila akipita mlangoni mabega yake yanatikisika, na analaumu moshi wa jikoni.

Fundisho nililopata ni hili: kura ni siri, mradi anayepiga hajasoma sana.

Sasa nawaombeni. Lori likifika hapo Musoma na dereva akianza kusimulia, msicheke mbele yake, mtamtia moyo. Akiwauliza kama mnamfahamu huyo Matiko, semeni hapana. Matiko wako wengi huku.