Dishi la Kunong'onezana

Leo sina pa kuuweka uso wangu. Nakuhadithieni nyinyi wa mtandaoni kwa sababu humu ndani hakuna wa kumhadithia. Wote walikuwepo.

Asubuhi mke wangu, Salma, katoka chumbani na gauni jipya la zambarau. Kasimama mlangoni. "Nimependeza?" Mimi nimeinama chini ya kitanda, natafuta kiatu cha pili cha mtoto. Nikamjibu, "Twende, tutachelewa."

(Najua. Msiniandikie. Najua.)

Tokea hapo hakunisemesha. Maneno yote yakawa yanapitia kwa binti yetu Nasra, ana miaka tisa. "Nasra, mwambie baba yako afunge mlango." Nami nimesimama hapo hapo, ufunguo mkononi.

Tulikuwa tunakwenda kwenye tamasha la sayansi, katika uwanja wa skuli moja hapa Mji Mkongwe. Mimi, Salma, Nasra, mdogo wake Haji wa miaka mitano, na mkwe wangu Bi Mwanakhamis, mama yake Salma, aliyekuja kututembelea kutoka Mkokotoni. Huyu mkwe wangu ni mpole, wa maneno machache, na namheshimu mpaka nakosa raha. Mwaka wa kumi na moja huu nimemuoa binti yake, na mazungumzo yetu yote ni shikamoo, marahaba, na je, huko kwenu mvua imenyesha.

Tamasha lenyewe zuri. Hakuna anayekwambia usiguse. Kila kitu unaambiwa shika. Haji kawasha taa kwa malimau. Bi Mwanakhamis kachungulia tone la maji ya kisima kwenye hadubini, kawaona wadudu wanaogelea, kanyanyua kichwa taratibu. "Subhanallah. Na sisi tukiyanywa haya."

Kisha tukafika kwenye madishi.

Ni madishi mawili makubwa ya televisheni, moja mwanzo wa uwanja, jengine mwisho, yanatazamana. Mbele ya kila moja pana stuli. Mwalimu wa fizikia aliyekuwa akisimamia akatueleza: unakaa uso umelielekea dishi lako, mgongo umempa mwenzako, unanong'ona. Dishi linaikusanya sauti na kuitupa upande wa pili, na aliyekaa kule anakusikia kama umo sikioni mwake.

"Mama akae kule, baba hapa," Nasra akapanga. (Mtoto alikuwa keshachoka kupeleka salamu.)

Salma akenda bila kunitazama, kafuatana na Haji na mama yake. Mimi nikakaa, nikalitazama dishi. Nikaona hii ndiyo nafasi. Maneno matamu hayanitoki mbele ya mtu, lakini mbele ya bati, labda.

"Unanisikia?" nikanong'ona.

"Naam." Sauti nyembamba, imo sikioni kabisa.

"Bado umenikasirikia?"

"Mimi? Laa. Kwa lipi?"

Moyo ukanipoa. Nikajua kasamehe. "Leo umependeza," nikasema. "Nilitaka kukwambia tokea asubuhi, nikaona haya."

"Ahsante."

Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Sikunyamaza. "Na hayo macho yako. Kila siku nayaona mapya."

Nikaamini anatabasamu.

"Kesho mama yako akishaondoka, watoto tuwapeleke kwa dada. Mimi na wewe tukale urojo. Wawili tu, kama zamani."

Sauti ilichelewa. Ilipokuja, ilikuja na huruma.

"Mama yangu keshafariki zamani, mwanangu."

Nikageuka. Kule mwisho wa uwanja, juu ya stuli, kakaa Bi Mwanakhamis, anauweka sawa mtandio wake. Na kwenye mlango wa vyoo anatokea Salma, kamshika Haji mkono. Mtoto alibanwa na mkojo, mama yake kamkimbiza, na bibi, kwa magoti yake yanayomuuma, kaona stuli tupu, kapumzika.

Nilitazama geti lilipo. Nasra kanishika shati. "Baba, mbona umetoka jasho?"

Ikabidi niende. Nilipofika, mkwe wangu alikuwa keshaanza. "Salma, mumeo ana maneno yako. Nimeyapokea mimi, lakini ni yako." Akayasema yote, neno kwa neno, foleni nzima imesimama. Alipofika kwenye macho akatua kidogo. "Hapo ndipo nilipotia shaka. Haya yangu yana mtoto wa jicho."

Mwalimu wa fizikia akageukia ukuta. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Salma akanitazama, mara ya kwanza leo. "Kweli ulisema hivyo?"

"Mama keshakwambia."

"Nnataka nikusikie wewe."

Nikasema. Umependeza. Bila ya dishi, mbele ya watu, kwa sauti ya jogoo anayejifunza kuwika. Salma akacheka mpaka akajishikiza begani kwangu, na ule mkono hakuuondoa mpaka tunatoka getini.

Bi Mwanakhamis akatufuata nyuma na wajukuu wake. "Kesho nnaondoka nao hawa," akasema, kama anayezungumza na njia. "Skuli zimefungwa, watakaa kwangu wiki. Nyinyi mkale urojo wenu."

"Inshallah, mama," nikajibu, macho kwenye viatu.

Sasa nimejifungia chumbani, nimejitia kichwa kinaniuma. Mkwe wangu yuko sebuleni, anazungumza na dada yake kwa simu. Maneno mengi hayanifikii. Nnasikia "macho", kisha kicheko, kisha tena "macho".

Anayetaka kunicheka namwomba jambo moja tu: aoe kwanza, apate mkwe, ndipo tucheke pamoja.