Vinyozi Wawili, Barabara Moja

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimehudhuria mkutano wa halmashauri, wa kukusanya maoni ya wafanyabiashara. Viti vya plastiki, maji ya chupa bure. Nikasimama, nikakohoa kama msomi. Nikasema vinyozi wawili kutazamana barabara moja ni kuvuruga soko. Watenganishwe mita mia, na aliyetangulia ndiye abaki. Bwana Afya, ofisa wa halmashauri, akaandika! Aliyetangulia ni mimi. Anayetazamana nami ni shemeji, kaka wa mke wangu. Sikumtaja. Nina adabu zangu.

Jumatano, 2 Aprili
Sheria imepita! Tangazo limebandikwa kwenye nguzo, lina muhuri. Shemeji akavuka barabara kunisomea, maana miwani yangu ina ufa. Akauliza ni mwendawazimu gani aliyewapa wazo hilo. Nikamwambia wakubwa hawana huruma. Nikasikitika kwa kichwa hadi shingo ikauma. Akanipa pole mimi! Ati nitabaki mpweke.

Jumamosi, 5 Aprili
Shemeji kahama, vitu kavirudisha nyumbani kwake, maana chumba kingine cha kupanga hakupata. Nimemsaidia kubeba kioo chake. Njia nzima najitazama humo, wala sikupendezwa. Mama watoto amelia jikoni, akasema kaka yake hana kazi nyingine anayoijua. Nikasema Mungu yupo. Nikaenda kulala mapema.

Jumatatu, 7 Aprili
Foleni mpaka nje! Nikapandisha bei. Mwalimu wa hesabu akaniita mkoloni. Nikamwambia kama ni ghali avuke barabara. Akautazama ule mlango uliofungwa, akakaa. Raha iliyoje! Ila kufika jioni miguu imevimba, na hakuna wa kumpigia kelele ng'ambo. Zamani nikichoka namwita shemeji mfyeka nyasi, naye ananiita mnyoa mbuzi, siku inakwenda.

Jumamosi, 12 Aprili
Balaa. Jumamosi jioni ndiyo zamu yetu: mimi namnyoa shemeji, yeye ananinyoa mimi. Miaka yote. Hili sikuliwaza kabisa! Nimejaribu mwenyewe kwa vioo viwili. Nikipeleka mkono kulia, unakwenda kushoto. Nimechimba mtaro kisogoni. Mteja aliyekuwa mlangoni akauona, akakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani.

Jumapili, 13 Aprili
Nimekwenda kwa shemeji, kofia hadi masikioni. Kumbe anajua yote. Bwana Afya kamwambia, tena kwa kunisifu! Hakugomba. Akanikalisha, akanivua kofia, akanyoa. Hakuniita mnyoa mbuzi. Hakuuliza huo mtaro kauchimba nani. Nikajitukana mwenyewe ili acheke. Wapi! Alipomaliza akadai hela. Kwa bei yangu mpya. Nikalipa. Nyumbani mama watoto kanipa chakula kilichopoa, kisha kanipa mgongo. Nilitaka kumwambia nimekosa. Nikaomba chumvi.

Jumanne, 22 Aprili
Shemeji kafungua kibanda cha chai pale kona. Wateja wangu wote wako huko na manywele yao, wanacheka. Nimepita mbele yake nikijifanya natafuta kitu chini. Akanikaribisha kama anavyokaribisha mpita njia, "Karibu mzee." Mzee! Mimi, shemeji yake! Nimerudi dukani, nimekaa kwenye kiti cha wateja mpaka giza.

Jumatano, 23 Aprili
Kumepambazuka na habari njema. Halmashauri inakusanya maoni tena, safari hii kuhusu vibanda vya barabarani. Usiku kucha nimewaza bila kujua nawaza nini; sasa najua. Kibanda kikivunjwa, shemeji atakosa kazi. Akikosa kazi, atakuja kwangu. Nitamwekea kiti kando ya changu, tutukanane kutwa. Sheria haikatazi vinyozi wawili ndani ya duka moja! Mkutano ni kesho asubuhi. Nitakaa mstari wa mbele. Na mara hii nitataja jina langu kwa sauti, ajue ni nani aliyemsaidia.