Nguzo ya Kaskazini

Jumatatu, 1 Novemba 1993
Balaa! Injinia Agatha ameingia Mnyambe na kisanduku. Anasema kinapitisha ndani ya zege sauti ambayo sikio haliisikii. Zege zima, sauti inafika upesi. Lenye uwazi, inachelewa. Nani kamwita? Dauda tu! Fundi mwenzangu, anajiita mkurugenzi tangu ukandarasi uachiwe watu binafsi. Analitaka tangi la maji la kijiji nililolijenga mimi.

Nguzo yake ya kaskazini ni pango ndani. Siku ya kumwaga zege, mapipa ya maji niliyapeleka kwa mama mkwe, alikuwa na sherehe ya kumtoa mwali. Huku juu maji ndiyo heshima ya mkwe! Zege likawa gumu, halikushuka. Lakini plasta niliyolifunikia, mashallah. Na baraza ya mama mkwe iko papo hapo chini ya tangi.

Jumanne, 2 Novemba
Nimeleta vijana wa ngoma wapige kando ya nguzo, mashine isisikie kitu. Wamepiga mpaka jasho. Agatha kacheza kidogo, kisha akasema mashine haina habari na ngoma. Dauda kacheka mpaka kakaa chini. Mshenzi!

Ila nimegundua: bila kupaka grisi kwenye nguzo, sauti haipenyi. Nguzo tatu zimepita. Yangu ile ni kesho.

Jumatano, 3 Novemba
Nimeficha grisi. Agatha kahangaika wee. Nikasema basi tena, tupandishe maji, watu wana kiu. Mwenyekiti wa kijiji akakubali, pampu ikawashwa. Mara mama mkwe huyoo, na mafuta yake ya mgando! Nikamwambia Mama asijisumbue. Akasema kumsaidia mkwe si usumbufu.

Agatha akapaka. Akapima. Akarudia. Sauti inachelewa. Juu maji yanaingia, chini mama mkwe anabangua korosho. Plasta ikalia, ta! Ufa. Nikapiga ukelele Mama atoke, atoke! Pampu ikazimwa, tangi likafunguliwa maji yatoke. Nguzo imesimama.

Ijumaa, 5 Novemba
Nimeamriwa nivunje nguzo nijenge upya, Dauda akinisimamia. Dauda!

Mama mkwe kaniita. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, Baba Isabela. Akanishukuru kwa kumwokoa, machozi yakanilenga. Kisha akauliza: ile linta niliyomjengea juu ya mlango wa chumbani, si nayo ni zege? Agatha asipite na kisanduku chake?

Nikamjibu kwa masikitiko kwamba Agatha amesharudi Mtwara.

Yupo Newala, nyumba ya wageni, hadi Jumatatu. Kesho alfajiri napiga plasta.