Kamati Iliyokagua Nyuzi za Mwanga

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: ushawahi kukipaka rangi kitu ambacho hukioni?

Basi Mzee Stambuli alishawahi, tena kwa barua yenye muhuri. Alikuwa mkurugenzi wa kituo kimoja cha utafiti kule Mtongwe, ghorofani, sakafu ya mbao. Siku moja akatangaza kuundwa kwa Kamati Kuu ya Kuinua Kiwango cha Leza Ndogo: wajumbe kumi na mmoja, viti kumi na kimoja, na chupa mbili za chai, moja ya maziwa na moja ya tangawizi.

Leza zenyewe zilikuwa za Jumwa, binti Randu, msomi mpole. Zilikuwa nyuzi elfu tatu juu ya kipande cha kioo, nyembamba hivi kwamba ukiweka mmoja kando ya unywele, unywele utauona kama mnazi. Mwanga hukimbia ndani ya uzi, ukigonga ncha hii ukirudi ncha ile, ukizidi nguvu, mpaka unachomoka. Ncha zikiwa na makwaruzo, mwanga huvuja kama maji ya mtungi wenye ufa. Jumwa alikuwa amezilainisha ncha, nyuzi zikawaka kwa nusu tu ya nguvu zilizohitaji zamani. Lakini mkaguzi wa serikali alitakiwa aone kwa macho yake siku ya Alhamisi. Asipoona, chumba kingegeuzwa stoo ya viti vya kamati.

Mzee Stambuli akaona kasoro moja kubwa. Mali ya serikali haina namba!

"Mkurugenzi, naomba—" Jumwa alianza.

"Maombi hupitia kwa katibu, mwanangu."

Kamati ikamwita Bi Barke wa Likoni, mpakaji hina, maana hakuna mwenye mkono mwembamba kumshinda.

"Andika namba hapo kwenye uzi," Mzee Stambuli akamwamuru.

"Uzi u wapi?"

"Upo. Umeorodheshwa daftarini."

Bi Barke akainama, akainuka. "Wallahi, baba, nimepamba maharusi wembamba. Lakini wote walikuwapo."

Ikakubaliwa kwa kauli moja kwamba namba iandikwe juu ya kioo, kwa rangi nyeupe. Nyuzi elfu moja zikazikwa hapo hapo. Kumbukumbu za kikao zikasema zimesajiliwa.

"Mzee, samahani, mimi nilikuwa nataka—"

"Katibu, Jumwa!"

Alhamisi mkaguzi akafika, kijana wa bara aitwaye Clifford. Kamati nzima ikaingia kumlaki, na viatu vyao. Jumwa akawasha mashine inayorusha mwanga kwenye uzi. Mjumbe mmoja akajikuna, ubao wa sakafu ukalia na kuitikisa mashine, mwanga ukakosa shabaha. Mwingine akavuta kiti. Ukakosa tena. Kwenye skrini mstari ukalala kama maiti.

"Mbona hakuna kitu?" Clifford akauliza.

"Usimamizi unaendelea," Mzee Stambuli akajibu, akapiga mguu sakafuni kutia mkazo.

Hapo harufu ya viazi karai ikapanda ngazi. Kamati ikaondoka kwa kauli moja, hata ajenda haikufungwa. Sakafu ikatulia. Mstari ukapanda wima, mkali kama mkuki, kwa nusu ya nguvu ya zamani, kama Jumwa alivyokusudia. Uzi wa pili vivyo hivyo. Wa kumi pia.

Mzee Stambuli akarudi na ukwaju kidevuni. Akauona mstari.

"Nilikwambia! Hiyo ndiyo kazi ya kamati!"

"Kabisa, mzee," Clifford akasema, akiandika. Akamsomea: "Mchango wa kamati ni mkubwa mno, na hupatikana ikiwa nje. Mkurugenzi aongoze kwa mfano." Kisha akamgeukia Jumwa. "Madam, hapa pa mahitaji niandike nini?"

"Anahitaji kamati ndogo," Mzee Stambuli akadakia. "Na katibu msaidizi."

"Nimemuuliza yeye."

Jumwa akamgeukia mzee. "Shikamoo, Mkurugenzi," akasema, adabu kwanza. "Mimi tangu mwezi wa tatu nilikuwa nataka kusema neno moja tu. Tokeni."